Siku Niliyokataa Kutangulia

Wajukuu wakipasha ngoma motoni ili ngozi ikaze, harufu ile hunitoa nje. Wao hudhani ni moshi unanisumbua.

Kwetu wanawake ndio wapigao ngoma, wameibana mapajani, na mwanamume hucheza anavyoongozwa. Siku hiyo, nikiwa bado msichana, mavuno yalikuwa yamekwisha na mama alikuwa mbele na ngoma yake kubwa. Zamu yangu ilipofika nilipaswa kutangulia uwanjani, binamu yangu anifuate.

Sikwenda. Nilikuwa nimetoka bomani kwa Wajerumani, nilikomlelea mtoto mke wa askari kutoka pwani. Huko nilimwona bwana Mdachi akicheza na mkewe barazani, mume akisukuma, mke akirudi nyuma. Mke wa askari aliniambia hivyo ndivyo waungwana wanavyocheza.

Basi nikasimama, mikono kifuani, nikimngoja binamu aje anichukue. Naye, maskini, alibaki akiitazama miguu yangu ili ajue pa kuanzia. Watu wakaanza kumcheka.

“Mwanangu, tangulia!” mama akaniita kwa lugha yetu.

Nikamjibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti: “Mimi sichezi ngoma za washenzi.”

Mama hakujua Kiswahili. Akamgeukia shangazi, aliyekijua kidogo. “Anasemaje?”

Shangazi akanitupia jicho, kisha akamjibu: “Anasema miguu inamuuma.”

Mama akaiweka ngoma chini, wimbo ukakatika. Akaja akapiga magoti mavumbini mbele ya watu wote, akaanza kunikanda miguu.