Maneno ya Odeta kwenye Kompyuta

Jirani yangu Odeta, muuza dagaa wa Igogo, hajui kusoma, lakini usijaribu kumdanganya kwa karatasi. Barua yake yoyote husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, anatafuta wa tatu. Mimi ndiye msomaji wake wa pili, na nikisoma ananikazia macho mdomoni kama nimeficha kitu humo.

Mwaka 1999 wanawe, Masalu aliyeko Ulaya na Modesta wa Dar, walikuwa wakijadiliana kwa barua za kompyuta kama mama yao auze nyumba. Kuna tajiri alikuwa anaitaka. Pius, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa akienda mjini kupeleka maneno ya Odeta na kurudi na majibu yaliyochapwa. Siku hizo Pius na huyo tajiri walikuwa hawaachani.

Safari moja Pius alimsomea, "Watoto wanakusalimu. Bado wanajadiliana." Basi.

Odeta akaniletea karatasi. "Mama Moza, hebu soma."

Juu Masalu ameandika: "Kwa kuwa mama mwenyewe amesema, tuuze." Chini yake yamo maneno ya mama anayoyajibu, kila mstari na alama ya mshale mbele: "Nimechoka na nyumba hii. Uzeni."

"Mimi?" Odeta akaruka. "Nilisema nimechoka kuulizwa habari za nyumba hii! Anayetaka kuuza, auze yake!"

"Basi ni Pius."

"Au wewe. Nitajuaje?"

Nilikasirika, sikatai. Tukampelekea muuza magazeti, naye akasoma vilevile. Hapo ndipo tukamwendea Pius.

"Shemeji, maneno yangu umeyakata kwa nini?"

"Nilifupisha tu, shemeji. Kule wanalipisha kwa dakika."

"Ukafupisha mpaka nyumba yangu?"

Kesho yake tukaenda wenyewe kwenye chumba cha kompyuta. Odeta akasema, binti wa pale akachapa: nyumba haiuzwi.

"Wakidhani na haya yametungwa?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Binti, ongeza hapo. Masalu, kile chungu cha bibi yenu ulikivunja wewe, si Modesta. Nilikuona, nikanyamaza."

Barua ikaenda kwa wote wawili. Siku ya pili Modesta alikuwa ameshajibu: "Huyu ndiye mama. Nyumba haiuzwi. Na wewe Masalu, zile fimbo nilizokula mimi, tutaongea."