Mkono Usiopakwa Samli

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Nyamizi Mwandu huuosha mkono wake wa kulia kwa sabuni ya mche, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Huusuuza mara mbili, akaukausha kwa kanga safi. Hapo ndipo anapovaa glavu.

Ni glavu nyeusi yenye betri na nyuzi nyembamba zinazopita juu ya vidole. Mkanda wake hufungwa chini ya kiwiko, na ndani ya mkanda kuna vitambuzi vitatu vinavyogusa ngozi. Aliazimwa na kliniki moja ya mjini Mpanda kwa wiki sita tu, miezi saba baada ya kiharusi kuulaza mkono huo. Kabla ya kuugua, pale kijijini kwao Mwamkulu hakuna aliyesuka maziwa kumshinda. Kibuyu hutikiswa kwa mikono miwili mpaka siagi ijitenge. Nyamizi hakutaka kingine: alitaka kurudi kwenye kibuyu chake.

Wiki tatu za kwanza, taa ya kijani kwenye mkanda haikuwaka hata siku moja. Alijikaza mpaka akatokwa jasho, vidole vikatulia vilevile.

"Wifi, huu mkono ushakufa," alisema Sikujua, dada wa mumewe. "Tuuzike, tupike ubwabwa wa msiba."

"Uzikwe na mdomo wako," Nyamizi akamjibu. "Nifunge mkanda tena."

Ijumaa ya wiki ya tatu wakaitwa mjini kuirudisha glavu kabla ya muda wake, maana ilionekana haimsaidii, na mgonjwa mwingine wa Shanwe alikuwa akiisubiri. Apolinari, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alipoushika mkono aupime mara ya mwisho, ukamteleza.

"Mama, umepaka nini?"

"Samli. Kila siku kabla ya kuvaa. Kwani nyie mkono mgonjwa mnauacha mkavu?"

Kwao kiungo kilicholala husuguliwa kwa samli ya uvuguvugu, na hiyo alikuwa ameitengeneza mwenyewe alipokuwa mzima. Apolinari hakucheka. Alimweleza kwamba glavu haifumbi vidole yenyewe. Inasubiri msuli ujaribu, hata kidogo sana, ndipo inavuta. Mafuta yalikuwa yameizuia isiusikie msuli. Akauosha mkono, akaufuta kwa spiriti, akafunga mkanda.

"Haya, fumba."

Taa ikawaka. Vidole vikajikunja polepole na kuikamata kanga ya Sikujua.

"Niachie, wifi, utanivua nguo mbele za watu!"

Nyamizi hakuachia. Apolinari akampigia simu mgonjwa wa Shanwe, akamwomba avumilie wiki tatu zilizobaki.

Tangu siku hiyo anafumba na kufumbua mara mia mbili asubuhi, mia mbili jioni. Wiki ya tano alijaribu kibuyu akiwa amevaa glavu. Kikamponyoka, maziwa yote yakalambwa na mbwa. Kesho yake aliomba kibuyu hichohicho.

Jumatatu glavu inakwenda Shanwe. Nilipofika kwake kuandika habari hii, nilimkuta Nyamizi ameketi mlangoni, glavu imetundikwa msumarini, kibuyu kiko mapajani. Nilikuwa na swali moja: bila glavu, mkono utaweza?

"Sijui," alisema. "Jana nimetikisa robo kibuyu bila kuivaa. Leo nimejaza nusu."