Ukuta Uliofika Lenta Kwenye Barua

Barua zote za kuomba msaada wa kujenga kanisa niliziandika mimi. Niliishia darasa la saba, lakini kuandika nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na kwa sababu hiyo wazee wa kanisa wakanipa ukatibu. Tulikuwa familia chache za Mwankoko tuliochoka kutembea hadi kanisa la mjini kila Jumapili. Tulisali chini ya turubai kwenye uwanja wa muumini mmoja, na mvua ikishuka mahubiri yalikatika.

Wazaliwa wa hapa wanaoishi Dodoma na Dar es Salaam walijibu kwamba wataona. Aliyebaki alikuwa mzee mmoja wa mjini mwenye mashine ya kukamua alizeti, Mwislamu, anayejulikana kwa kumsaidia yeyote anayejenga. Nilitaka aone kwamba sisi ni watu wa kujitegemea, basi nikamwandikia: ukuta umefika lenta, tunaomba mabati.

Haukuwa umefika huko juu ya milango na madirisha. Niliandika kwa kufuata ratiba yangu ya ujenzi. Nilikadiria kwamba hadi barua isomwe, mafundi watakuwa wamefika hapo. Lakini mvua ziliwahi, zikayeyusha tofali ambazo hazijachomwa, na saruji ikatuishia usawa wa madirisha.

Jumatano moja yule mzee akapiga simu. "Katibu, Jumamosi nakuja na fundi wangu kupima paa."

Mke wangu aliposikia aliacha kusonga ugali. "Baba watoto, atapima paa la wapi?"

"Nitamweleza."

"Utamweleza nini? Umeandika ukuta ambao hata Mungu hajauona!"

Mzee mmoja wa kanisa alinishauri niseme mvua imebomoa. Nilikataa, maana huo ungekuwa uongo wa pili. Lakini sikuwa na la kuweka mahali pake. Tukimpoteza yule mfadhili, hatukuwa na mwingine wa kumwendea, na kosa lingekuwa langu peke yangu. Siku mbili sahani yangu ilirudi jikoni na chakula chake.

Ijumaa asubuhi nilipanda baiskeli, nikamfuata kabla hajaja. Nilimkuta mashineni, amesimama kati ya magunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Si tulisema kesho?"

"Mzee, ukuta haujafika lenta. Uko kwenye madirisha. Niliandika nilichotarajia."

Aliegemea gunia. "Sasa hayo mabati ningekupa, mngeyaweka wapi? Mngejifunika kama shuka?"

Wapakiaji wakacheka.

"Tungeyatunza, mzee."

"Mngeyatunza mpaka yaibiwe. Mmekwama wapi hasa?"

"Saruji. Na nondo za lenta."

"Mbona hukuomba saruji?"

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu lote. Nisingeweza kuomba saruji, kwa sababu kwenye barua nilikwisha kuumaliza ukuta. Kile tulichokihitaji kuliko vyote nilikifungia mlango kwa mkono wangu.

"Niliona aibu, mzee."

"Aibu ya nini? Kila anayejenga anakwama. Hii mashine ilikaa juani mwaka mzima, sina hela ya kuijengea banda." Akanipa kalamu na kipande cha boksi. "Andika upya. Na iwe fupi, ile ya kwanza iliniumiza macho."

Niliandika nikiwa nimesimama: ukuta uko kwenye madirisha, tunaomba saruji na nondo. Akasoma, akakitia kile kipande kwenye mfuko wa kanzu.

"Kesho nakuja vilevile. Fundi atapima lenta. Habari ya mabati tutazungumza ukuta ukisimama."

Nilirudi polepole, mabega yakiwa mepesi hata nikasahau upepo ulikuwa unanijia usoni. Mke wangu alikuwa uani anapepeta mtama.

"Amekufukuza?"

"Kesho anakuja."

"Kuona nini?"

"Madirisha."

Akaweka ungo chini, akacheka, nami nikacheka naye. Kisha nikamwuliza kama kuna ugali uliobaki. Ulikuwepo, wa baridi, na mboga ya mlenda. Nilikula wote.