Uso Uliokatwa Kwenye Picha ya Harusi

"Mwenzangu, mumeo amepata kwingine," jirani wa ghorofa ya juu alimwambia Mama Pacha huku akikamua shuka ngazini. "Kila Alhamisi akitoka kazini, mguu wake kwa Bi Viza. Mimi simo, nakwambia tu."

Bi Viza alijulikana na wageni wote wa mtaa ule. Alikuwa na meza na kamera pembeni mwa duka la kubadilishia fedha, akiwajazia fomu na kuwashika mkono waliofika ugenini hawajui pa kuanzia. Aliwaambia: usibadilishe pesa uwanja wa ndege, watakunyoa bila maji. Kibali cha kuishi kikibakiza miezi miwili, anza kuhangaika. Hakuwa na mume. Kibali chake kilikuwa na jina lake peke yake.

Cha Mama Pacha kiliandikwa "mtegemezi" wa mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Na huyo mume, siku hizi, kila neno ni Bi Viza. Bi Viza kasema noti iliyochanika haipokelewi. Bi Viza kasema hivi, kasema vile.

"Na chumvi ya mboga, Bi Viza kasemaje?" Mama Pacha alimuuliza juzi mezani. Mume akacheka. Yeye hakucheka.

Leo, akifagia nyuma ya kabati, akaiona picha yao ya harusi imefichwa. Mume yumo, meno yote nje. Pale palipokuwa na uso wake yeye Mama Pacha pana tundu la mraba. Imebaki mikono yake, imeshika maua.

Pacha mmoja mgongoni, mwingine kiunoni, picha kwapani, akashuka. Ilikuwa Alhamisi.

Akawakuta, mume kwenye kigoda, ameinama juu ya meza ya yule mwanamke. Akaibwaga picha.

"Mkiniondoa, niondoeni mzima mzima! Mikono mmeniachia ya nini?"

Bi Viza akaitazama picha, kisha akamtazama mume. "Ndiyo hii? Si uliniambia umempeleka studio?"

Akavuta droo. Juu ya fomu ya kibali, mahali pa picha, palikuwa na uso wa bibi harusi, umekatwa kwa mkasi wa jikoni. "Dada, nimemrudisha mara tatu. Kwanza shela imeziba masikio. Akarudi ameifuta kwa wino mweupe, na masikio hayakuota! Kibali chako kinaisha Jumatatu."

"Nilitaka tuokoe hela," mume akanong'ona. "Halafu mwenzangu hapendi kutoka."

"Nani kakwambia sipendi kutoka?"

Bi Viza akampokea mtoto wa kiunoni akampakatisha yule mume, akamfungulia na wa mgongoni akamwongezea.

"Kaa hapa, dada. Vua kitambaa."

Mama Pacha akakaa. Akaiona mihuri iliyopangwa, kalamu za Bi Viza, jina lake limebandikwa mezani. Wivu haukutoka, ulihama tu, ukatua kwenye meza ile. Akakunja uso, macho yakimchoma mumewe.

Bi Viza akainua kamera. "Kununa hivyo hivyo ndiko wanakotaka watu wa Uhamiaji, hawataki meno. Ila nakuomba kitu kimoja, dada. Usimwangalie yeye. Niangalie mimi."