Nyimbo Zisizojua Kwao

Mvua ya Magwagwa haina haraka. Huanza alasiri, ikateremka juu ya majani chai kama mtu anayenyata ndani ya nyumba yenye mtoto aliyelala, na ikishafika haiondoki mpaka ipende yenyewe. Saa hizo ndizo Mwalimu Nyamoita alizoea kuvuta kiti mbele ya kompyuta ya mezani na kuwasikiliza wanawake wakiwabembeleza watoto.

Nyimbo hizo alizikusanya mwenyewe kwa ajili ya tasnifu yake. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, na masomo ya uzamili yalimjia ukubwani, binti yake Ashley akiwa tayari ameolewa. Alizunguka na simu yake kutoka Keroka hadi Suneka, akiwaomba akina mama na nyanya wamwimbie walivyokuwa wakiwalaza wana wao. Wengine walicheka kwanza. Wengine waliomba wapewe mtoto wa kushika, maana wimbo ulikataa kuja mikono ikiwa mitupu. Nyumba moja haikuwa na mtoto, nyanya akapakata mto, akaubembeleza mto ule hadi Nyamoita mwenyewe akasinzia.

Simu ilizihifadhi sauti zile kwa namba tu. Nani aliimba, wapi, maneno yana maana gani, hayo yote Nyamoita aliyaandika ndani ya programu ya kupangia marejeo ambayo chuo kilimfundisha kutumia. Ukibofya jina la mwimbaji, kiungo kilikwenda kwenye folda ya sauti na wimbo ukafunguka.

Kisha akanunua laptopu, kwa sababu ya Firdaus. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kisii, mjane mchangamfu aliyemwimbia Nyamoita wimbo wa bibi yake, wakawa marafiki tangu siku hiyo.

"Njoo uandikie hapa kwangu, Mwalimu," Firdaus alimwambia, akimwonyesha chumba cha juu ya duka. "Huko kwako kuna ng'ombe, kuna majirani, kuna Baba Ashley. Hapa kuna vitambaa tu, na vitambaa havina domo."

Kabla ya kwenda, Nyamoita alifanya usafi ndani ya ile kompyuta ya mezani. Folda ya sauti akaihamishia mahali alipopaona nadhifu zaidi, kisha akanakili kila kitu kwenye laptopu. Kesho yake akakaa katikati ya majora ya vitambaa, akafungua programu, akayaona majina yote yamejipanga. Akabofya la kwanza.

Faili haikupatikana.

Akabofya la pili, la kumi, la mwisho. Jibu lilikuwa lile lile. Aliporudi Magwagwa, hata kompyuta ya mezani ilikuwa imesahau. Folda ya sauti ilikuwepo, nzima, lakini sasa ilikuwa umati wa namba. Angefungua moja, sauti ya bibi ingeimba kwa upole, naye asijue ni bibi wa kilima kipi.

Wiki hiyo hiyo simu ikaja kutoka Keroka. Mpigaji alikuwa Onchiri, mjukuu wa Bosibori, yule nyanya aliyebembeleza mto. Bosibori alikuwa amepatwa na kiharusi. Macho yalikuwa yanaona, masikio yanasikia, lakini sauti ilikuwa imekwenda.

"Mwalimu, ule wimbo wake bado unao?" Onchiri aliuliza. "Tungependa ausikie. Na sisi pia."

"Ninao," Nyamoita alijibu, ingawa hakujua ni namba ipi.

Alasiri hiyo mvua ilimkuta mezani, kichwa kikiwa kizito. Akasinzia. Akajiona anatembea kwenye ukungu juu ya mgongo wa kilima, amebeba mtoto asiye na uzito, akibisha mlango mmoja hadi mwingine. Kila mlango ulifunguliwa na mwanamke mwingine, na kila mwanamke akatikisa kichwa kwa huruma akasema, huyu si wa hapa. Hakuogopa. Aliendelea kutembea tu, nyasi zikimlowesha miguu.

Alipoamka, onyo la programu lilikuwa bado kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza alilisoma lote, pamoja na ile anwani ndefu ya mahali pa faili, ambayo wiki nzima jicho lake lilikuwa likiiruka. Ilianza kwa jina la mumewe, kwa kuwa ndiye aliyeiandikisha kompyuta ile ilipokuwa mpya.

"Baba Ashley!" aliita. "Hii programu inakutafuta wewe!"

Mose akachungulia kutoka jikoni, kikombe mkononi. "Mimi? Nimekosa nini?"

"Hata kwa Firdaus inaulizia nyumba ya Mose, na ndani ya laptopu hakuna Mose. Mle kuna Nyamoita peke yake."

"Basi iambie nimehamia kwa mke wangu," Mose alisema, wakacheka wote wawili.

Nyamoita akatafuta maelekezo ya programu na kuyasoma polepole. Kumbe kulikuwa na njia ya kuiambia kila kompyuta: folda hii ndiyo mzizi, anza kutafutia hapa, usijali ni nyumba ya nani. Akaijaribu upande wa laptopu. Kimya. Akasoma tena, akaona amelianza jambo mwishoni. Viungo vilitakiwa kupona kwanza kule vilikozaliwa.

Kwa hiyo akairudisha folda mahali pake pa zamani, palipojaa vurugu za Mose. Akabofya jina moja, na wimbo ukafunguka. Hapo ndipo akaitaja folda ile kuwa mzizi. Programu ikamwuliza kama ifupishe anwani zote zianzie kwenye mzizi huo, akakubali. Kisha akavinakili vyote upya kwenye laptopu, na huko nako akaionyesha mzizi wake.

Jaribio la mwisho alilifanya juu ya duka la Firdaus. Sauti ya Firdaus mwenyewe ikajaa chumbani, ikashuka ngazi. Chini, mteja aliyekuwa akipima dera akainua kichwa kusikiliza.

"Ni mimi huyo?" Firdaus aliuliza kwa mnong'ono, amesimama mlangoni. "Mbona nafanana na bibi?"

Jumapili Nyamoita na Mose wakaenda Keroka. Bosibori alikuwa ameketi karibu na dirisha, shuka magotini, jamaa zake wamemzunguka. Nyamoita akapiga goti, akamwamkua kwa Ekegusii, akaiweka laptopu juu ya kigoda. Akabofya.

Sauti ikatoka, ya mwanamke asiye na shida ya neno lolote. Onchiri akageukia ukutani. Wengine wakamtazama nyanya, wakingoja machozi. Bosibori hakulia. Mkono wake uliobaki mzima ulianza kupigapiga goti, taratibu, ukifuata wimbo. Wimbo ulipoisha, Nyamoita akaurudia. Mkono ukapunguza mwendo, kope zikashuka, na kichwa cha nyanya kikaegemea upande wa dirisha.

Alikuwa amelala, mdomo umeachia tabasamu dogo.

"Usingizi umemchukua," Mose alinong'ona. "Amejilaza mwenyewe."

Hakuna aliyetaka kusogeza kiti. Wakaagana kwa ishara za mikono, na Nyamoita akatoka amebeba viatu vyake.