Mkono wa Dada Moraa

Dada yangu Moraa ana miaka hamsini na mbili, na ni mwaka huu tu tulipopata jina la hali yake: usonji. Daktari alipolitaja, ndugu zangu walishtuka. Mimi nilikumbuka jikoni kwetu, kijijini Ikonge.

Sisi tuliokulia huko zamani tunajua salamu ilikuwa kazi. Jumamosi, maana sisi ni Wasabato, baada ya kanisa wageni walijaa uani, nasi watoto tukapita mmoja mmoja tukitoa mkono, macho chini. Harufu ya ndizi zinazochemka ilitutesa, lakini hakuna aliyekula kabla ya kumaliza mstari. Vijana wa leo wanakusalimu "fiti" wakiwa wameinamia simu, na hakuna anayewapeleka kwa daktari.

Kwamba Moraa hakumtazama mtu machoni halikumshangaza yeyote. Tulifunzwa hivyo sote. Shida ilikuwa mkono. Aliuficha nyuma ya gauni, na ukimuuliza habari za nyumbani, alikueleza zote: ng'ombe anaharisha, paa linavuja, mama na baba wamenuniana tangu Jumatano.

"Huyu mmemlea vipi?" shangazi yetu, dada yake baba, alifoka siku moja. "Ananinyima mkono kama mimi ni mwizi!"

Mama aliona aibu. Aliamua kwamba wageni wakija, Moraa akae jikoni, mlango ufungwe. Alikuwa na miaka tisa, na mimi kumi na mmoja. Niliambiwa nimlinde asitoke.

Jumamosi iliyofuata shangazi akaja. Moraa aliisikia sauti yake, akanisukuma, akatoka na kigoda kirefu. Akakiweka mbele ya shangazi, akageukia ukuta.

"Mama Moraa, si ulisema amelala?" shangazi aliuliza.

Mimi nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimemwona mara nyingi akiwapangia wageni vigoda: "Shangazi, hicho ni chako. Kila mgeni ana chake, na Moraa hakosei. Wewe huwa anakupa kirefu."

Shangazi akalishika goti lake la kushoto, lile lililomsumbua akikalia kigoda kifupi. "Nani alimwambia?"

"Hakuna."

Aliketi. Tangu siku hiyo aliita kutoka langoni, "Moraa, nimefika," na mikono yake akaiacha kwenye leso aliyojifunga. Moraa naye, baada ya miezi mingi, alijifunza kujibu "Karibu" na kuishia hapo, bila habari za ng'ombe. Nadhani ilimgharimu zaidi kuliko ilivyomgharimu shangazi. Mlango wa jikoni haukufungwa tena.

Siku hizi tuna jina, tuna daktari, tuna kundi la familia kwenye simu. Uani hakuna wageni. Mama alifariki mwaka jana, na Moraa anaishi peke yake, anachuma majani chai yake mwenyewe. Ndugu zangu wanataka ahamie kwangu, mjini Kisii, kwenye ghorofa ya tatu, "ili apate uangalizi". Wameandika mengi kuhusu usonji. Hakuna aliyemuuliza.

Jumapili nilikwenda Ikonge, nikamuuliza. Aliendelea kupalilia hadi mwisho wa mstari, akasema anafikiria. Leo ni Alhamisi. Ndugu zangu wameshaagiza lori la kuhamisha vitu vyake Jumatatu, na Moraa bado hajajibu.