Jirani wa Septemba

Gregor Moncur alikuwa mtu wa kupisha. Tangu ujana hadi kustaafu aliendesha lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani huko Perth, majira ya barafu, watu wengine wakiwa bado wamejifunika, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba barabara nyembamba haina mwenyewe. Ukimwona mwenzako anakuja unaingia pembeni, unangoja, anapita, mnainuliana mkono, basi. Huko kwao mtu asiyepisha ama ni mgeni, ama amebeba mgonjwa.

Tabia hiyo aliingia nayo hata nyumbani. Alimpisha mkewe Netta katika maongezi, akampisha katika maamuzi, na kwa kweli waliishi vizuri. Netta ndiye aliyetaka gari-nyumba.

"Wewe barabara zote za nchi hii umeziona zikiwa nyeupe," alimwambia. "Twende tukazione zikiwa na rangi, bwana wee, kabla hatujafa."

Wakanunua moja lililokwisha kutumika, lenye vitanda viwili, jiko la gesi, na choo ambacho ukikaa magoti yanagonga mlango. Netta alilifaidi kiangazi kimoja tu. Theluji ya mwaka ule haijayeyuka bado, akawa amelazwa ardhini, na Gregor akabaki na gari kubwa kupita haja ya mtu mmoja.

Watoto wakamshauri aliuze. Hakubisha, wala hakuliuza. Septemba ilipokaribia kwisha alilijaza maji, akaenda peke yake Loch Ardan, ziwa ambalo Netta alikuwa amelizungushia kalamu kwenye ramani na hawakuwahi kulifikia.

Ni ziwa refu, jeusi kama chai iliyokolea, na vilima vyake mwezi huo huwa vimegeuka rangi ya kutu. Usubi uliowang'ata watu kiangazi kizima unakuwa umekufa kwa baridi, watoto wamerudi shule, na kambi ya Struan, mfugaji anayekodisha ukingo wa malisho yake, hubaki na kondoo na wazee. Gregor alilala usiku wa kwanza bila kuongea na mtu. Asubuhi akaamshwa na mwanamke anayetukana.

Alifungua mlango. Mwanamke mwenye umri kama wake alikuwa ziwani, maji shingoni, kofia ya sufu kichwani.

"Mshenzi wewe!" alikuwa akiyaambia maji. "Baridi gani hii? Unaniua leo, au unanibakiza uniue mwakani?" Halafu akamwona Gregor. "Na wewe unatazama nini? Weka birika motoni, kuna mtu anakufa huku!"

Gregor akaweka birika.

Hivyo ndivyo alivyomjua Rhona, mjane wa kusini, karibu na mpaka wa Uingereza, aliyekuja kila mwisho wa Septemba na gari lake kuukuu la rangi ya maziwa lenye mstari wa kijani. Alimpa jina la Mzee Chumvi siku hiyo hiyo. Tangu hapo, kila mwaka, waliegesha jirani kwa wiki moja. Walikula uji wa shayiri pamoja, wakacheza karata mvua ikipiga bati, wakakaa kimya wakitazama ukungu ukipanda na kushuka mlimani. Rhona aliogelea na kutukana. Gregor alichemsha maji.

Zaidi ya hapo hawakujuana. Wenye magari-nyumba wana adabu yao: unampa jirani jina lako la kwanza, unamwazima kamba, unambashiria mvua. Humwulizi ukoo wake, wala mtaa, wala namba ya simu. Mtu amekuja kando ya ziwa apumzike na maswali ya watu. Siku ya kuondoka waliagana kwa neno lile lile, "Septemba, tukijaliwa," kila mmoja akashika njia yake, na Gregor akarudi Perth kuishi miezi iliyobaki.

Ila mwaka jana Rhona alisema neno. Ilikuwa asubuhi ya kuondoka, yeye amekaa kwenye ngazi ya gari lake, kikombe mikononi.

"Binti yangu ananiuliza kwa nini siendi Uhispania nikaote jua kama vikongwe wenzangu," alisema. "Nikamwambia siwezi. Nina jirani."

Kisha akanyamaza. Kimya kile kilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi. Gregor aliuona. Maneno yaliyomtoka yakawa haya: "Gesi yako itakufikisha nyumbani?"

"Itanifikisha," akasema Rhona, akamwaga masalia ya chai kwenye majani.

Mwaka mzima Gregor aliishi na jibu lile la gesi. Alinyoa nalo, akanunua nalo mkate. Majira ya baridi theluji ilipoanguka alisimama dirishani akajiuliza kama kusini nako inaanguka, na kama yuko mtu wa kumsafishia njia ya mlangoni. Akaapa moyoni: Septemba atauliza. Atauliza yote yasiyoulizwa.

Septemba ikafika, na Gregor akafika. Rhona hakuwapo.

Mahali pake, chini ya msonobari uliopinda, palikuwa patupu. Gregor akaweka hapo ndoo yake, kichwa chini, kama ilivyo desturi ya kumshikia mtu nafasi.

"Ndoo yako imeposa?" Struan alimtania alipopita na mbwa wake.

"Anakuja."

"Hajapiga simu."

"Hajawahi kupiga simu. Huja tu."

"Basi mwombe Mungu, mzee, maana wanakuja watu wa mwisho wa wiki, na mimi siwezi kuwaambia wageni walipao kwamba mahali pamekaliwa na ndoo."

Siku zikapita. Mvua ikaja, ikaenda, ikaja tena. Kila injini iliyonguruma kwenye kona ya juu ilimwinua kitini, na kila mara ikawa lori la nyasi kavu, au gari la posta, au vijana wenye baiskeli juu ya paa. Asubuhi ziwa lililala kimya, bila mtu wa kulitukana, na kimya chake kilimwelemea kuliko makelele. Alianza kufikiri kwamba Rhona amekufa. Kisha akafikiri jambo lililomuuma zaidi: kwamba yu hai, yuko Uhispania, na ameacha kusema kwamba ana jirani.

Jumamosi asubuhi aliinua ndoo. Majani chini yake yalikuwa yamepauka.

"Unakwenda?" Struan aliuliza. "Umelipa mpaka Jumatatu."

"Mpe mwingine."

"Gregor. Ngoja hata chai ya mchana."

"Nimengoja vya kutosha."

Akamwaga maji machafu, akafunga gesi, akaondoka.

Barabara ya Loch Ardan ni ya gari moja. Kila baada ya kitambo kidogo kuna kipenyo cha kupishana, chenye nafasi ya gari kusimama na kungoja, si ya kugeuka. Gregor alikuwa na foleni nyuma yake, wageni wa mwisho wa wiki wanaorudi mapema kwa sababu ya mvua. Alipoona gari kubwa likija mbele, mikono yake ilifanya yenyewe ilichofanya maisha yake yote: akaingia pembeni, akangoja. Gari likapita. Akainua mkono. Mkono ukainuliwa kule upande wa pili.

Alikuwa ameshatoka kwenye kipenyo, magari ya nyuma yakimfuata unyounyo, ndipo jicho lake lilipoukuta mstari wa kijani kwenye kioo cha pembeni, ukipotea kwenye kona.

Hakukuwa na pa kugeukia. Kulia ziwa, kushoto mwamba, nyuma foleni. Simu huko haishiki. Ikambidi aendelee kwenda mbele, akiachana naye kwa kila mzunguko wa gurudumu, mpaka kwenye uwanja wa hoteli ya njia panda. Na njia nzima aliuona mkono ule. Rhona alikuwa amemwona. Alikuwa amemwona akiondoka, akiinua mkono kama anayempungia mtu asiyemjua, na hakusimama.

Pale hotelini aligeuza gari kwa papara hata akagonga pipa la maua.

Sasa barabara ikamjia kinyume, imejaa watu. Na siku hiyo Gregor Moncur hakumpisha mtu. Aliwasha taa zote, akashika katikati. Gari dogo jekundu likarudi nyuma kwa hasira mpaka kwenye kipenyo, na kijana aliyeshika usukani wake akatoa kichwa nje.

"We mzee, barabara ni ya baba yako?"

"Leo ndiyo!" Gregor alimjibu, akapita, hakuinua mkono.

Alipofika kambini alikuta mahali pake pameshapewa familia yenye hema kubwa. Chini ya msonobari gari la mstari wa kijani lilikuwa limesimama, na Rhona amekaa kwenye ngazi, koti bado mwilini, ufunguo mkononi, kama mtu ambaye hajaamua kama amefika. Gregor aliliacha gari lake katikati ya njia, mlango wazi.

"Umesahau nini?" Rhona akauliza.

"Sikusahau kitu. Nilikupungia sikutazama uso."

"Nilidhani umenitazama vizuri sana."

"Rhona, mwaka jana ulinambia neno, nami nikakujibu habari za gesi."

"Nakumbuka. Ilitosha, ahsante."

Gregor hakuweza kucheka. "Nataka kujua unakaa wapi," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa mno, wenye hema wakageuka. "Nataka jina la ukoo wako. Nataka theluji ikianguka nijue kama umekula, na nani yuko nawe. Nimelitaka hili tangu siku ile ya birika."

Rhona alimgeuzia uso. Chini ya jicho lake la kushoto palikuwa na wekundu.

"Nilipasuliwa jicho," alisema, "ndiyo maana nimechelewa. Na hili la pili linakwenda njia ile ile. Hii ni safari yangu ya mwisho kushika usukani, Gregor. Nilikuja kukuaga, nikakuta unakwenda." Kabla ya hapo hakuwahi kumwita kwa jina lake hata mara moja.

"Basi tumechelewa?"

"Tumechelewa sana," akasema. "Ningekuwa na nguvu ningekutosa ziwani. Kaa chini."

Akakaa. Rhona akamtajia ukoo wake, Pringle, kisha akaanza kumwelekeza njia: unashuka kutoka Perth, unaacha jiji mkono wa kushoto, unavuka mto wa pili, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sufu, nyumba yenye geti lisilofungika vizuri. Gregor alikuwa akimsikiliza na kuifuata barabara kichwani, kona kwa kona. Alitarajia iwe mbali. Miaka yote hiyo alikuwa ameiweka mbali, ng'ambo ya nchi, mahali pasipofikika. Kumbe ni mwendo wa asubuhi moja tu, barabara pana, ya magari mawili, na ilikuwa wazi kila majira ya baridi.